Gari la kazini, gari la saketi: dola zako zianzie kwenye breki

Swali

"Yaya, jambo. Nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, gia sita za mkono. Niliinunua Dar es Salaam ikaja kwa barabara hadi hapa Lubumbashi. Ndiyo gari langu pekee: asubuhi napeleka mtoto shule, naenda kazini, jioni narudi Bel-Air. Marafiki wa Kitwe wamenialika mwezi wa nane twende wote Zwartkops, saketi ya mbio za magari kule Pretoria, siku ambayo saketi inawapokea watu wenye magari yao ya kawaida. Nimetenga dola 1,500. Mmoja ananiambia nikate springi lishuke chini, mwingine nivalishe rimu za 18, wa tatu anasema bila turbo nitaaibika. Fundi wangu anasema gari liko sawa, niende tu. Nianzie wapi, na je, litabaki kuwa gari la kila siku? Nimeshalijaribu usiku barabara ya Likasi, kwenye 160 limetulia kabisa."

Jibu

Leki, mdogo wangu, jambo sana. Nianze na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonitia baridi. Barabara ya Likasi usiku ina malori ya shaba yaliyokufa njiani bila taa, na alama pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami hatua chache nyuma yake. Usirudie. Na hata tukiiacha hatari pembeni, jaribio lile halikukuambia kitu. Kwenda 160 kwenye mstari ulionyooka ni kazi nyepesi kwa gari lolote zima. Hukufunga breki kwa nguvu, hukukata kona, hukurudia tena na tena bila kupumzika. Ulichopima pale ni bahati yako.

Nikikusikia vizuri, unaogopa mambo mawili. La kwanza ni aibu, kupitwa na kila mtu mbele ya marafiki wa Kitwe. La pili umelitaja kwa sauti ndogo, nalo ndilo kubwa: kubaki bila gari. Kutoka hapa hadi Pretoria kwa kupitia Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge ni zaidi ya kilomita 2,000, na kilomita hizo hizo zinakusubiri wakati wa kurudi. Wenye magari ya mbio huyapakia kwenye trela. Wewe utasafiri ndani ya gari lenyewe. Basi kila nitakachokushauri nimekipima kwa swali moja: mwezi wa tisa shule zikifunguliwa, mtoto atapelekwa na nini?

Fundi wako hajakudanganya. Gari liko sawa kwa kazi anayoijua yeye. Mji wetu ni tambarare kama meza. Mtu wa Bukavu anayeshuka milima kila siku kuelekea ziwani anaijua harufu ya breki zilizoungua. Sisi wa hapa kazi kubwa ya breki zetu ni kupunguza mwendo mbele ya dodani, yale matuta ya barabarani, kisha zinapata dakika nzima ya kupoa. Ndiyo maana gari linaweza kuzunguka Lubumbashi miaka mitano na breki dhaifu, mwenyewe asijue.

Tupige hesabu ndogo. Altezza yako ikiwa na wewe ndani na petroli ni kama kilo 1,450. Ukija na 150 na kona inataka 60, breki zinapaswa kumeza nishati ya mega-juli moja hivi ndani ya sekunde nne. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji ya bomba, yaani sufuria ya bukari ya familia nzima, kwa kukanyaga mara moja tu. Sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia magurudumu ya mbele, kwa sababu unapofunga breki uzito wa gari hulalia mbele. Zwartkops ni saketi fupi, kama kilomita 2.4, kona zake zimekaribiana, kwa hiyo sufuria inarudishwa motoni kabla haijapoa. Baada ya mizunguko michache diski ya gari la kawaida, lile bamba la chuma linalobanwa na breki, inaweza kupita nyuzi 400.

Hapo breki hufa kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya pedi, vile vipande vinavyoibana diski. Pedi za kawaida zimetengenezwa zishike vizuri zikiwa baridi, asubuhi unapotoka nyumbani. Zikizidiwa na joto zinapoteza mshiko: pedali inabaki ngumu chini ya mguu, unasukuma kama unasukuma ukuta, lakini gari haliguni, linaendelea tu. Inatisha, ila inakuja polepole na inakupa onyo.

Njia ya pili ni ya mafuta ya breki, na hiyo haina onyo la maana. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi, yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Kwa hiyo mguu wako badala ya kusukuma pedi unabana mapovu, na pedali inakwenda hadi kwenye zulia bila kukutana na kitu. Yalinikuta nikiwa kijana, katika nchi ya jirani, na gari la kuazima. Mizunguko sita ya kwanza nilijiona bingwa. Wa saba nikakanyaga, pakawa patupu. Nikapampu mara mbili, ya tatu ikashika kidogo, nikamalizia kwenye nyasi, moyo ukiwa mdomoni. Mwenye gari aliniuliza majani kwenye bampa yametoka wapi. Tulipofungua kikopo cha mafuta, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hakuna aliyeyabadilisha tangu gari litoke Japani, na mimi, fundi mzima, sikuwa nimefungua kifuniko kabla ya kuingia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Polepole, kupitia mipira na kila mara kikopo kinapofunguliwa, unyevu unaingia, na masika yetu ya kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu hayasaidii. Maji hayo yanashusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya DOT 3 (hilo ni daraja lililoandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya lazima yafike angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishakunywa maji kwa kiasi cha asilimia 3.7 kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamechoka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Umeona? DOT 5.1 iliyozeeka iko chini ya DOT 3 iliyofunguliwa leo. Upya una uzito kuliko maandishi ya kwenye chupa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, na ni ya bei ndogo kuliko zote: badilisha mafuta yote ya breki wiki moja au mbili kabla ya safari. Usikubali kuongezewa juu. Yale ya zamani yatoke kwenye magurudumu yote manne mpaka yaanze kutoka meupe, upepo utolewe wote, pedali iwe fupi na ngumu. Chukua DOT 4 nzuri au DOT 5.1, chupa iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako. Chupa iliyoachwa nusu kwenye rafu ya garaji tangu Pasaka imeshakunywa maji yake. Na angalia namba vizuri: DOT 5 bila .1 ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizi na gari lako halikutengenezewa hiyo.

Sasa pedi. Utakuta watu watakushauri pedi za mbio halisi. Usinunue. Pedi za mbio zinataka kuwa na moto ndipo zishike. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa, baridi ikiwa kali, utakanyaga mbele ya shule na gari litachelewa kusimama. Zitapiga kelele mji mzima na kula diski. Kwa mtu mwenye gari moja kuna daraja la katikati, pedi za barabarani za kispoti, ambazo zinavumilia joto kubwa kuliko za kawaida na bado zinashika zikiwa baridi. Utapata vumbi jeusi kwenye rimu na mlio kidogo. Vumilia. Zikishafungwa zinahitaji kulainishwa kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji: kwa kawaida ni kupunguza mwendo mara kadhaa kwa nguvu ya wastani bila kusimama kabisa, kisha kuendesha taratibu zipoe. Fanya hivyo alfajiri barabara ikiwa tupu, na usiingie saketi na pedi ambazo hazijapitia moto huo wa kwanza.

Diski zako usizibadilishe kwa ajili ya mapambo. Diski zilizotobolewa vitundu zinapendeza nyuma ya rimu, lakini nyufa hupenda kuanzia kwenye vitundu hivyo. Diski nzima ya kawaida yenye njia za hewa katikati, ikiwa bado nene kuliko kipimo cha mwisho kilichogongwa kwenye chuma chenyewe, inakutosha. Mwambie fundi atoe pia zile pini ambazo kalipa hutelezea, azisafishe na kuzipaka grisi yake. Vumbi letu jekundu huzikwamisha, pedi moja inafanya kazi ya mbili, na wewe unalaumu pedi.

Nimekaa sana kwenye breki na sijutii. Tuje kwenye matairi.

Kabla ya kuuliza chapa, uliza umri. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT, ambazo hapa hazihusiani na mafuta ya breki: 3819 maana yake juma la 38 la mwaka 2019. Matairi mengi ya okazioni, yaani yaliyokwisha tumika, yanayouzwa hapa yana kashata (meno) nzuri lakini mpira wake umekauka kama ngozi ya ngoma. Kwa kwenda kazini utasema yako sawa. Kwenye kona ndefu yanateleza, na yakipata moto vipande vinaanza kubanduka. Ukiwa na matairi manne ya aina moja, yenye umri chini ya miaka mitano na yasiyo na viraka vya ubavuni, unaweza kwenda nayo. Ukiwa na mawili ya hivi na mawili ya vile, hapo ndipo sehemu nzuri ya dola zako iende. Kaa kwenye 215/45 za rimu 17, saizi ya gari lako. Rimu za 18 mara nyingi ni nzito zaidi, ubavu wa tairi unakuwa mwembamba, na mashimo ya mji huu yatakuvunjia moja kabla hujafika Kasumbalesa.

Kuhusu upepo kuna imani moja iliyoota mizizi kwetu: ukienda mbio, jaza sana. Saketi inataka kinyume chake. Tairi likipata joto, hewa ndani inatanuka. Kila nyuzi 10 zinaongeza takriban bari 0.1. Ukiingia na 2.4 za baridi, baada ya mizunguko minne uko karibu na 3, tairi limevimba katikati na linagusa lami kwa kipande kidogo. Anza na kama 2.0 asubuhi, endesha, ukitoka pima papo hapo yakiwa moto na punguza magurudumu yote yakae kati ya 2.3 na 2.5. Beba kipimo chako mwenyewe. Njia ya zamani bado inafanya kazi: chora pembetatu ya chaki kwenye bega la tairi, kutoka kashata kushuka ubavuni. Ikifutika hadi chini ubavuni, tairi linalala, ongeza kidogo. Ikibaki nzima hata juu, umejaza mno. Jioni kabla ya kushika barabara ya kurudi rudisha upepo wa kawaida ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango. Watu husahau hili, wanasafiri usiku kucha na matairi laini yanayochemka.

Sasa rafiki wa springi. Mwambie nimekataa, na sababu ni hii. Gari linapokata kona, uzito unahamia magurudumu ya nje. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini, na upana kati ya magurudumu. Kulishusha sentimita mbili kunapunguza uhamaji huo kwa asilimia chache tu. Lakini ukikata springi, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, na katikati ya kona inagonga raba ya mwisho. Wakati huo ni kama springi imegeuka kuwa nondo: tairi linaruka, mshiko unapotea ghafla, na Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo makalio yatakupita. Mikono ya chini nayo inabadilisha pembe yake na gari linalala zaidi kuliko ulivyotarajia. Hiyo ni kabla sijataja dodani za mjini. Springi fupi zilizotengenezwa pamoja na shokapu zake ni hadithi tofauti, ziko sahihi, lakini seti nzuri ingemeza bajeti yako nzima na isikupe kile ambacho breki na matairi yatakupa.

Ulicho nacho chini ya gari kinatosha. Altezza ilizaliwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Wajapani hawakufanya ubahili hapo. Tatizo ni umri na barabara zetu. Bushi zikishapasuka na boljointi zikiwa na mchezo, gurudumu linajichagulia njia lenyewe unapofunga breki. Gari liinuliwe, kila kiungo kisukumwe kwa pao, kinachocheza kibadilishwe. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, nenda kwenye mashine ya alaimenti. Omba magurudumu ya mbele yalale ndani kwa upande wa juu, digrii 1.5 hivi, ikiwa marekebisho yanaruhusu, na yaangalie mbele sawasawa bila kukunja pua ndani wala nje. Watu hulaumu ule ulalaji kwa kula matairi upande wa ndani. Mara nyingi mlaji ni pua zilizokunjwa, kwa sababu tairi linakokotwa kiupande kila mita unayokwenda. Ukiwa na digrii moja na nusu na pua zilizonyooka, utapeleka mtoto shule mwaka mzima bila hasara ya kulilia.

Turbo sitaijadili kwa dola 1,500. Injini yako ya 3S-GE ina mgandamizo wa juu, zaidi ya 11 kwa 1. Kuipulizia hewa zaidi bila kuifungua ndani ni kununua injini nyingine kwa njia ndefu. Ni kweli kwamba hapa kwetu, kwenye mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Pretoria nako ni juu, hali ni ile ile, na wenzako wasio na turbo wataibeba hasara hiyo hiyo. Unachoweza kuipa ni petroli safi ya oktani ya juu. Ile ya makadafi wa kando ya barabara, ya kwenye bidoni, isiingie tangi hilo hata kwa dharura ya foleni. Ukisikia injini inagonga kama punje za mahindi kwenye bati unapokanyaga, toa mguu.

Upoozaji wa injini usiupite haraka kama mimi ninavyoupita hapa. Wengi wetu tunaweka maji matupu kwenye rejeta kwa sababu hapa hakugandi. Lakini kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo wa kifuniko cha rejeta, na kifuniko cha miaka 20 kimeshachoka. Nunua kipya, weka maji ya rejeta yenye dawa yake, puliza vumbi na wadudu kutoka kwenye mapezi, hakikisha feni zinazunguka. Oili mpya ya daraja linalotakiwa, ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti, kwani kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa kateri, lile beseni la oili chini ya injini, na pampu inaweza kunyonya hewa. Na mkanda wa taimingi: kama huna karatasi inayosema ulibadilishwa lini, chukulia haujabadilishwa. Ratiba yake ni kilomita 100,000.

Pesa zako, basi, ziende hivi: mafuta ya breki na pedi za mbele na nyuma, viungo vya chini vinavyocheza, mkanda kama hauna historia, kisha matairi kwa kilichobaki. Weka pembeni angalau dola 300 ambazo hutazigusa kabisa. Hizo ni za njiani, kwa ajili ya beringi itakayoanza kulia Kapiri Mposhi.

Safari yenyewe itakupa faida moja ambayo hapa huna. Usukani wako uko kulia, na hapa unaendesha ukiwa umeketi upande wa mtaro, unachungulia lori kama mwizi kila unapotaka kulipita. Ukivuka Kasumbalesa ukaingia Zambia wanaendesha kushoto na ghafla gari linakaa mahali pake. Lakini kaa macho kilomita za kwanza, na zaidi siku ya kurudi, ukiwa umechoka. Ukishapita Lusaka barabara inateremka mlima kuelekea bonde la Zambezi na Chirundu. Utaona malori yaliyochoma breki. Teremka kwa gia ya tatu, injini ishike gari, mguu ugusishe breki kwa vipindi. Usiwe wewe unayefika saketi na mafuta yaliyokwisha kuchemshwa mlimani. Karatasi za kuvusha gari kwa muda uliza mapema forodha ya kila mpaka, na soma mkataba wa bima yako: bima za barabarani kwa kawaida hazilipi kinachotokea saketi. Ukigonga ukuta, ni mfuko wako.

Siku yenyewe, toa kila kitu kinachoweza kuruka: jeki, tairi la akiba, chupa ya maji chini ya kiti, viatu vya mtoto. Hasa chupa, maana ikivingirika chini ya pedali hakuna DOT itakayokuokoa. Kaza nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, Nm 103 kwa Toyota yako, na uzirudie baada ya zamu ya kwanza magurudumu yakishapoa. Omba mkufunzi akae nawe zamu ya kwanza hata kama ni kwa malipo. Atakupunguzia sekunde nyingi kuliko turbo ya rafiki yako. Mizunguko miwili ya kwanza ni ya kupasha matairi, asubuhi ya mwezi wa nane kule ni baridi. Endesha mitatu au minne kwa bidii, kisha mmoja taratibu bila kugusa breki kama inawezekana, ndipo utoke. Ukiegesha usivute breki ya mkono: weka gia, weka jiwe. Breki zenye moto zikibanwa gari likiwa limesimama, joto linakwama hapo hapo na linaweza kuacha alama itakayotetemesha gari hadi nyumbani. Pedali ikianza kuwa ndefu, siku imeisha kwako. Hakuna cha mzunguko mmoja wa mwisho.

Na aibu? Kwenye siku kama hizo hakuna mbio wala kombe. Anayekuja nyuma kwa kasi unamwachia mahali mlipoelekezwa kwenye mkutano wa asubuhi, basi. Watu wa piti, kule magari yanakohudumiwa, humkumbuka aliyemwaga oili kwenye lami, aliyepitwa hawana habari naye.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na hapo nataka gari liinuliwe mbele ya fundi wa breki kabla hujafikiria safari. Ukikanyaga pedali kwa uzito uleule gari likiwa limesimama nayo ikashuka polepole, masta silinda, pampu kuu ya mafuta ya breki, inavuja ndani. Usukani ukitetemeka unapofunga breki. Gari likivutwa upande mmoja. Ufa kwenye diski unaofika ukingoni, hata mmoja. Mipira ya breki yenye mikunjo iliyopasuka au uvimbe, na ya gari la 1999 kama ni ya asili mimi ningeibadilisha bila kuuliza. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, inayowaka na kuzima. Kipimo cha joto kinachopanda kwenye foleni ya mjini. Mojawapo ya hayo likiwepo na tarehe imekaribia, nenda Zwartkops kama abiria kwenye gari la rafiki. Saketi itakuwepo mwaka ujao.

Ukirudi, usikimbilie kuliosha. Liache lipoe usiku, asubuhi vua magurudumu yote manne. Pima unene wa pedi: siku moja ya saketi inaweza kula kilichokuwa cha miezi mingi ya mjini, na zikibaki milimita tatu badilisha. Angalia mabega ya matairi upande wa ndani, ambako jicho halifiki yakiwa yamefungwa. Pitisha tochi kwenye kila kalipa na kila boljointi kutafuta unyevu na raba zilizoyeyuka. Toa mafuta kidogo kwenye kalipa za mbele uyaone rangi. Yakiwa yametiwa giza, yamwage yote na uweke mapya. Fanya hayo katika wiki ya mwisho ya likizo, kengele ya shule isikukute na gari lililo juu ya mawe.